Maabara Iliyong'aa

Karatasi ya nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo cha osiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kama wimbi. Ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko vyote siku nilipokwenda kukiona chuo ambacho baadaye nilisomea uhandisi wa umeme. Tulikuwa kundi la vijana tumesongamana mlangoni mwa maabara, afisa udahili ametangulia na tai yake, mimi macho yameganda kwenye ile nailoni. Meza nyeupe pe. Nyaya zimekunjwa na kufungwa vilevile zilivyotoka kwenye boksi. Nikajisemea moyoni: vifaa vipya, hapa ndipo penyewe. Fomu niliijaza wiki ileile.

Mwaka wa tatu nailoni ilikuwa bado ipo.

Maabara ile ilikuwa na ufunguo mmoja, ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na hofu moja: kifaa kikiharibika, ataulizwa yeye. Simlaumu sana. Lakini tulichopata sisi kilikuwa hiki: tunaingia watu kumi na wanne, tunaizunguka meza moja, mhadhiri anaunganisha saketi, mhadhiri anapima, anasoma namba kwa sauti, sisi tunanakili. Aliyesimama nyuma haoni hata kama taa imewaka. Kisha kila mtu anakwenda kuandika ripoti kana kwamba alipima kwa mkono wake.

Muhula uliofuata hata hayo yakapungua, tukaanza kupika. Nilikuwa mpishi hodari. Naanza na jibu la kitabuni, tuseme voliti 5, halafu naligeuza kidogo: 4.97, 5.02, 4.99, na moja naiharibu makusudi, 4.81, ili mhadhiri aone kuna mkono wa binadamu. Kwenye sehemu ya vyanzo vya makosa naandika "joto la chumba". Kila ripoti, joto la chumba. Sijui chumba kile kilitusamehe vipi.

Aibu ilinikuta kwenye mafunzo ya vitendo. Nilipelekwa karakana iliyokuwa ikitengeneza vifaa vidogo vya betri, nikapewa bodi ya saketi niikague. Palikuwa na rezista mbili, vile vipande vya kuzuia mkondo, za mega-omu 10 kila moja (omu ndicho kipimo cha uzuiaji huo), zimepangwa mfululizo kwenye betri ya voliti 12 ili volteji igawanyike nusu kwa nusu. Rezista kubwa kiasi hicho huwekwa makusudi, betri isiishe bure. Hesabu ya mtoto hiyo: katikati panatakiwa voliti 6. Nikagusisha multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ikasoma 4. Nikayeyusha lehemu, nikabadilisha rezista ya chini. 4. Nikabadilisha ya juu. 4. Nikabadilisha betri. Mwishowe nikamwendea fundi mkuu, nikamwambia kwa sauti ya msomi kwamba bodi inavujisha umeme.

Yule mzee hakuinua hata kichwa. "Hicho ulichoshika mkononi kina omu ngapi?"

Sikuelewa anauliza nini. Multimita ni kipimo. Tangu lini kipimo kikawa na omu zake? Akanyoosha mkono, akaichukua, akaniambia taratibu kama anayemwelekeza mgeni njia: ndani yake ina mega-omu 10, wewe umeichomeka sambamba na rezista ya chini, sasa zile mbili zimekuwa mega-omu 5. Tano kwa kumi na tano ya voliti 12 ni ngapi? Nne. "Bodi ni nzima," akasema. "Anayeivuruga ni wewe."

Mada ya rezista sambamba nilikuwa nimeifaulu vizuri mno. Hesabu ile ningeifanya usingizini. Nilichokosa ni kukaa hata siku moja peke yangu mbele ya kifaa mpaka kinidanganye, nikasirike, nitafute kwa nini. Na kifaa kilichovikwa nailoni hakina nafasi ya kumdanganya mtu.

Nisikitukane chuo changu chote, lakini. Hisabati walitufundisha kweli. Kulikuwa na mhadhiri mmoja aliyeingia darasani na kipande cha chaki tu, bila karatasi, akaanza na wimbi la mraba akalibomoa ubaoni hadi likawa rundo la mawimbi laini, na ukitoka hapo unaanza kuisikia redio kwa masikio mengine. Ni yeye aliyetusimulia kwamba Gustav Kirchhoff alizitoa kanuni zake za saketi mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi, maneno yaliyotukera kwa sababu sisi wanafunzi wenziwe tulikuwa tunashindwa hata kuzitumia. Na jina la chuo nalo lilinifungulia milango. Nimeitwa kwenye usaili ambao nina hakika nisingeitwa kama ningetoka kwingine. Anayesema jina halina maana hajawahi kutafuta kazi. Tatizo ni kwamba jina hukufikisha mlangoni. Ukishaingia ndani unapewa bodi.

Miaka imepita. Mwaka jana binti wa dada yangu akaniletea orodha yake ya vyuo, ameipanga kwa daraja la kimataifa, cha kwanza hadi cha mwisho.

"Mjomba, nimekwama. Hiki cha juu kina fizikia, hiki cha tatu kina uhandisi wa umeme. Niende cha juu, si ndiyo?"

Nilimwuliza kwanza hayo madaraja yanapima nini. Hakujua, na wala mimi nilipokuwa na umri wake sikujua. Ile orodha ya Shanghai iliyoanza 2003, kwa mfano, huhesabu wahitimu na walimu waliopata Nobeli, na makala zilizotoka kwenye majarida ya Nature na Science. Orodha ya QS huwapa uzito mkubwa wanataaluma wanaoulizwa vyuo gani wanavisifu. Si mambo ya kudharau, hasa kwa mtu anayetafuta pa kufanyia shahada ya uzamivu. Ila hakuna mahali katika hizo alama panapohesabiwa wanafunzi wangapi wanagombania osiloskopu moja, au nani anafundisha saketi mwaka wa kwanza: yule mwenye Nobeli, au msaidizi wake aliyekesha na utafiti wake mwenyewe.

Nikamtajia Jack Kilby. Aliitamani MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani, mtihani wa kuingia ukamgomea, akaenda University of Illinois kusomea uhandisi wa umeme, akamaliza 1947. Mwaka 1958, akiwa kampuni ya Texas Instruments, akaonyesha saketi nzima iliyojengwa juu ya kipande kimoja cha jermaniumu. Nobeli ya fizikia ikamfikia mwaka 2000. Mpwa wangu akacheka, akasema mifano ya namna hiyo kila mjomba anayo. Kweli. Kwa Kilby mmoja kuna maelfu ambao hatuwajui. Nikaiacha hoja hiyo.

Swali la fizikia au umeme ndilo lililotuchukua jioni nzima, na hapo nilikuwa na la kusema. Vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1882 chuo cha Darmstadt, Ujerumani, kilianzisha kiti cha uprofesa wa uhandisi wa umeme, cha kwanza duniani, na aliyekikalia, Erasmus Kittler, alikuwa mwanafizikia. Mwaka huohuo MIT ilianza kufundisha umeme, ikiwa ndani ya idara ya fizikia. Na njia hupitika pande zote mbili: John Bardeen alichukua shahada mbili za uhandisi wa umeme pale Wisconsin, 1928 na 1929, ndipo akahamia fizikia, akapata uzamivu Princeton 1936. Mwaka 1947 akawa miongoni mwa watatu waliobuni transista, ile swichi ndogo iliyomo kwenye kila kifaa cha elektroniki. Ndiye mtu pekee aliyepata Nobeli ya fizikia mara mbili, 1956 na 1972.

Lakini ukoo ni kitu kimoja na kazi ya kila siku ni kingine. Nilimwekea rezista mezani. Mwanafizikia, nilimwambia, atataka kujua kwa nini elektroni zinakwama humo ndani, na kwa nini zinakwama zaidi chuma kikipata joto. Mhandisi atatazama ule mstari wa dhahabu pembeni, unaosema thamani inaweza kupotoka asilimia 5 juu au chini, halafu atauliza: nikitengeneza vifaa elfu kumi kwa rezista hizi, vingapi vitarudishwa? Lipi kati ya maswali hayo lingekunyima usingizi?

Akafikiri. "Yote mawili."

Jibu baya kabisa kwa mtu anayejaza fomu, lakini ndilo la kweli, na lilitusaidia kwa namna yake. Tukaanza kutafuta chuo ambacho ukiingia kwa mlango mmoja unaweza kutokea mlango wa pili bila kuanza upya. Vipo ambavyo mwaka wa kwanza wa fizikia na wa umeme unafanana karibu wote, na vipo ambavyo ukuta unajengwa siku ya kwanza. Hili halimo kwenye vipeperushi. Tuliligundua kwa kuweka mitaala miwili mezani na kufuata somo kwa somo kwa kidole.

Katika kazi hiyo ya kidole nikajikuta naulizia jambo ambalo mimi mwenyewe liliniumiza: mpangilio. Uhandisi wa umeme ni mnyororo. Saketi zinazobadilika kwa wakati zinataka milinganyo tofautishi. Somo la ishara na mifumo linataka Fourier na Laplace, mbinu za hisabati za kulibomoa wimbi. Somo la udhibiti wa mitambo linasimama juu ya Laplace hiyohiyo. Usumakuumeme, ile milinganyo minne ya Maxwell, hauwezekani bila kalkulasi ya vekta. Chuoni kwetu hisabati ilifundishwa na idara nyingine yenye ratiba yake, kwa hiyo Maxwell tulikutana naye muhula wa tatu na kalkulasi ya vekta muhula wa nne. Tulikariri alama kama watu wanaokariri shairi la lugha wasiyoijua. Nilipokuja kuielewa, mtihani ulikuwa umekwisha kitambo.

Na kuna lile la somo kutolewa mara moja tu kwa mwaka. Rafiki yangu mmoja aliangusha milinganyo tofautishi, sapu, ule mtihani wa marudio, nayo ikamshinda kwa alama chache. Somo halikurudi hadi mwaka uliofuata, na bila hilo hakuruhusiwa kugusa masomo mengine manne. Somo moja likala mwaka mzima. Tangu hapo kila anayeniuliza kuhusu chuo namwambia aulize: nikianguka, nasubiri muda gani? Wazazi hawapendi swali hilo kuulizwa mbele yao.

Kuhusu ithibati, yaani programu kutambuliwa rasmi, nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo iliyowaumiza watu wengi kuliko maabara. Shahada ya sayansi kwa kawaida haihitaji leseni. Ya uhandisi, katika nchi nyingi, hutaka usajiliwe na bodi ya wahandisi kabla hujaweka sahihi kwenye mchoro. Na kinachotambuliwa ni programu, si chuo. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uhandisi wa umeme wenye ithibati na, korido hiyohiyo, teknolojia ya umeme isiyokuwa nayo, au yenye ithibati ya ngazi nyingine. Hata mikataba ya kutambuana kimataifa imetenganishwa: Mkataba wa Washington wa 1989 ni wa wahandisi, wa Sydney wa 2001 ni wa wanateknolojia, wa Dublin wa 2002 ni wa mafundi sanifu. Mwenzangu mmoja kazini alisoma miaka minne, akaenda kusajiliwa, akaambiwa jina la shahada yake limeangukia kwenye daftari lingine. Neno moja kwenye cheti. Chuo hakikumdanganya, hakuna aliyemwambia tu. Usitafute uthibitisho kwenye tovuti ya chuo, utafute kwenye orodha ya bodi yenyewe, na utazame ithibati ilianza mwaka gani na inakwisha lini.

Basi tukapanga kutembelea vyuo vitatu. Nilimwonya mpwa wangu kwamba siku ya kutembelewa ni siku ya chuo kuvaa, kwa hiyo tungekwenda siku ya kawaida, tuombe kwa adabu, wakikataa turudi zetu.

Cha kwanza walikataa.

Cha pili kilikuwa kile cha juu kwenye orodha yake. Jengo zuri, watu wakarimu, mhadhiri mmoja akatupa saa nzima ya muda wake, na kwa upande wa fizikia nilivutiwa kwelikweli. Tulipofika maabara ya umeme, kila meza ilikuwa na kifaa kipya. Nikatazama ncha za waya za kupimia. Zilikuwa bado na vifuniko vyake vidogo vya plastiki. Nikauliza wanafunzi wanaingia saa ngapi kwa wiki. Nikajibiwa kwamba wana maonyesho mazuri ya kompyuta yanayoiga saketi. Programu za kuiga ni kitu kizuri, mimi hutumia kila siku. Lakini ndani ya programu rezista ya mega-omu 10 ni mega-omu 10, multimita haina omu zake, na waya uliolegea haupo.

Mpwa wangu hakuona kasoro. Macho yake yalikuwa kwenye vile vioo vipya, na nilimwelewa vizuri sana. Sikumwambia kitu. Nilimsihi tu atafute wanafunzi wa mwaka wa tatu azungumze nao bila mimi. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kuchaguliwa, wa mwaka wa mwisho wameshasamehe kila kitu kwa sababu wanaondoka. Wa tatu ndio wenye ukweli. Alirudi baada ya nusu saa. "Mjomba," akasema, "nimewauliza mara ya mwisho waliunguza kitu lini. Wameangaliana."

Swali hilo sikumfundisha mimi.

Chuo cha tatu kilikuwa chini kabisa kwenye orodha, na maabara yake ukiiona kwa haraka utasema ghala. Meza zina madoa meusi ya lehemu. Kwenye osiloskopu moja, kitufe cha kuzungushia kiwango cha volteji kilikuwa kimelika hadi namba hazisomeki, mtu amezichora upya kwa kalamu. Ukutani, juu ya kabati lenye kofuli iliyokuwa wazi, palining'inia mkufu wa kapasita zilizopasuka, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zote za elektroliti, zile ambazo ukigeuza chanya na hasi hutoa mlio na moshi. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye tarehe na jina la aliyeipasua. Ya karibuni ilikuwa na siku nne.

Kasoro zilikuwepo, tena nyingi. Maktaba ndogo. Upande wa mawasiliano ya redio ulikuwa dhaifu, na mtu anayetaka huko nisingempeleka. Fizikia yao ilikuwa na walimu wachache, jambo lililomsumbua mpwa wangu njia nzima. Lakini wanafunzi walikuwa wawili kwa meza, na kila mmoja alikuwa na ubao wake wa kuchomekea vifaa, wa kwenda nao chumbani.

Fundi wa maabara alikuwa amekaa pembeni anabadilisha fyuzi ya multimita. Alituambia hubadilisha nyingi kila muhula, maana kila kizazi kinapima mkondo pale panapopimwa volteji. Hakulalamika, alisema kama mtu anayetaja mvua. Kisha akamtazama mpwa wangu, akamwita mezani, akawasha ile osiloskopu yenye kitufe kilicholika.

"Binti, shika ncha hii. Ya chuma. Hakuna umeme humo."

Akashika kwa kidole. Mstari uliokuwa umelala kwenye kioo ukainuka, ukawa wimbi kubwa lenye kutetemeka. Akaachia kwa mshtuko, mstari ukalala. Akashika tena, ukaamka.

"Hili linatoka wapi?"

"Hesabu upana wake kwanza," fundi akasema.

Akainama, akahesabu miraba kwa kucha, akauliza mraba mmoja ni milisekunde ngapi, akazidisha. Wimbi moja, milisekunde 20. Akanyamaza kidogo, midomo inacheza. "Mara 50 kwa sekunde. Kama umeme wa majumbani." Akageuka polepole akatazama taa za darini, kisha soketi za ukutani, kisha mkono wake mwenyewe. "Unatoka ukutani. Unanipitia mimi."

Fundi akarudi kwenye fyuzi yake.

Nilimwambia basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja na nusu. Akasema ndiyo, mjomba, bila kugeuka. Alikuwa amevua viatu ili aone kama wimbi litabadilika akikanyaga sakafu.